Foleni Nyuma ya Chelangat

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia inakuja na ukungu wake. Siku nyingine zangu ni kavu. Siku niliponunua ng'ombe wa kwanza wa gredi, siku tulipopandisha mabati juu ya nyumba hii, hizo nikizikumbuka naona jua na watu wakicheka. Lakini hii ya kituo cha chai, kule kwetu juu ya Boito, inapanda polepole kutoka mtoni ikiwa nyeupe, na ndani ya weupe huo naona vikapu kwanza, halafu vichwa, halafu miguu ya wanawake iliyolowa umande. Wakati mwingine nakaa hapa kibarazani nikiwa macho kabisa, kikombe kinapoa mkononi, na mke wangu ananiuliza, "Umeenda wapi tena?" Namwambia niko hapa. Si kweli. Niko kwa foleni.

Mimi sikusoma, hilo ulijue mapema. Darasa la tatu niliiacha kalamu nikashika jembe, na sikwambii ili unihurumie. Zile nyumba za kupangisha pale Litein, zenye mlango wa kijani, ni zangu. Mjukuu wangu yuko chuo Kabianga kwa sababu ya michai niliyoipanda kwa mikono hii unayoiona. Nakwambia ili ujue kwamba ninachokueleza sikukitoa kwa kitabu cha mtu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeona, na mengine afadhali nisingeyaona. Hili ni katika yale ninayoshukuru.

Wakati huo nilikuwa nimeoa juzi tu. Baba yangu alinigawia mteremko ambao ndugu zangu waliukataa, wakasema ni wa mbuzi. Nikaupanda chai. Chai si mahindi, mwanangu. Unaipanda, unaingoja, unaipalilia, watu wanakucheka, unaingoja tena. Msimu ule ninaosema ndio wa kwanza kikapu changu kujaa mpaka nikahitaji kukifunga kwa kamba. Nilitembea kwenda kituoni kama mtu aliyebeba mtoto wake wa kwanza kwenda kubatizwa.

Na wewe uliyezaliwa ukikuta chai kwa pakiti, hebu nikufundishe jambo moja. Jani likichumwa halifi hapo hapo. Linaendelea kupumua. Ukilirundika linapata joto, unaweka mkono ndani ya kikapu unasikia moto kama paji la uso la mtoto mgonjwa. Lori la kiwanda linapita mara moja tu kwa siku. Likiondoka bila jani lako, jioni jani hilo limekunjika, kingo zimekuwa nyekundu, na hakuna mtu duniani atakayelipokea. Kwa hiyo kituoni hakuna mwenye subira. Hata mtu mpole kanisani, akifika kwa mizani anasukuma.

Sasa nikuonyeshe watu wenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja, Tabutany. Bwana yake alikufa mapema na hakumwachia mtoto hata mmoja. Kwetu sisi Wakipsigis nyumba kama hiyo haiachwi ianguke. Mama kama huyo anaruhusiwa kuoa. Ndiyo, umesikia vizuri, kuoa. Anatoa ng'ombe, anachukua msichana awe mke wa nyumba yake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, wanabeba jina la yule bwana aliyekufa. Tunaita kuweka toloch, yaani ule mti wenye panda unaotegeshwa chini ya tawi lililoelemewa lisivunjike. Vijana wa leo wakisikia wanacheka au wanafikiria mambo yao. Wacheke. Nyumba nyingi hapa zimesimama kwa mti huo, na wengine wanaocheka ni matunda yake.

Tabutany alimwoa Chelangat, msichana mrefu, mnyamavu, mwenye mikono ya kuchuma ambayo ilikuwa ukiitazama unapata usingizi, jinsi ilivyokwenda bila haraka na bila kusimama. Waliishi vizuri wale. Wakapata watoto. Wakapanda chai. Halafu Tabutany akazeeka, akaugua, akafa.

Shemeji yake, ndugu wa yule bwana wa zamani, alikuwa Arap Mosonik, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu. Mtu wa sauti nzito na koti zuri. Simsemi vibaya kwa kuwa amelala chini. Aliwahi kunikopesha ng'ombe wa kulimia na sijasahau. Lakini shamba lile la Tabutany lilipakana na lake, na jicho halina pazia. Alipomzika shemeji yake alianza kutembea kwenye mpaka kila asubuhi, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza kitu.

Hakwenda kwa chifu. Hakuita wazee. Huko angeulizwa maswali. Yeye alichagua foleni ya chai, mahali ambapo kila mtu ana haraka.

Siku yenyewe ukungu haukutaka kuondoka. Tulichuma ndani yake, tukabeba ndani yake, na tulipofika kituoni kile kibanda cha mabati kilikuwa kama kinaelea. Vikapu vilijipanga. Karani alikuwa amekuja na lori, kijana wa kutoka ziwani anayeitwa Omolo, mcheshi, anayepima huku akiimba nyimbo za kwao puani. Mbele yangu kulikuwa na Chelangat. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanacheka juu ya kuku wa mtu aliyetaga kwenye kofia ya mchungaji.

Zamu ya Chelangat ilipofika, akamwaga majani yake juu ya meza yachambuliwe. Mazuri. Majani mawili na kichipukizi, yote hivyo, hakuna la kutupa. Akayarudisha kikapuni, akainua kikapu kukitundika. Hapo fimbo ya Arap Mosonik ikalala juu ya ndoano ya mizani.

"Hii haipimwi," akasema. "Mwenye namba ya kuuzia chai hii alikufa."

"Mimi ni wa nyumba yake, baba," Chelangat akajibu.

"Wewe ni wa nyumba ya baba yako. Huku ulikuwa umekuja kusaidia mzee. Mzee amekwenda. Asante. Sasa rudi kwenu."

"Mimi ni mke wake."

"Mke wa nani?" Arap Mosonik akageuka kututazama sisi wote, akitabasamu. "Mmesikia? Mke wa mwanamke! Karani, kwenu ziwani iko kitu kama hiyo?"

Wengine walicheka. Wengi wao, mwanangu, walikuwa wamekula kwa harusi ile.

Omolo akakuna kichwa. "Mzee, mimi napima majani, sipimi ndoa. Lakini wewe ndiye mwenyekiti. Ukisema niruke, naruka. Ukisema nipime, napima. Ila mseme haraka, kiwanda kinaningoja."

"Ruka."

Chelangat hakulia. Alishusha kikapu chini, akakifunika kwa shuka, akasimama kando yake. Mimi nilikuwa karibu hata niliona jinsi kidole chake kilivyokuwa kinapapasa ukingo wa kikapu, kinazunguka, kinarudi. Na alichokuwa anapoteza hakikuwa kikapu kimoja. Kila mtu pale alijua. Shamba ambalo chai yake haipimwi si shamba, ni msitu unaongoja mwenye panga. Leo ukirukwa, wiki ijayo ukirukwa, mwezi unaisha, watoto wanalia, unafunga nguo zako unarudi kwa baba yako. Hakuna aliyekufukuza. Umeondoka mwenyewe.

Mimi nikaona dawa. Nilikuwa kijana mwenye moyo mzuri, usicheke. Nikasogea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, lete majani yako niyachanganye na yangu. Yatapimwa kwa namba yangu. Nitakuletea pesa yako mwisho wa mwezi, Mungu anaona."

Akaniangalia. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa. Akaanza kufunua shuka.

Na unajua nani alifurahi? Arap Mosonik. Alinipiga bega. "Huyu kijana ana akili," akasema. "Mambo yanatengenezwa hivi, bila kelele." Watu wakapumua, foleni ikasogea. Mimi nilivimba kifua. Mwenyekiti kunisifu mbele ya watu, mimi mwenye mteremko wa mbuzi!

Ndipo mtu akaushika mkono wangu kutoka nyuma. Alikuwa Bot Kirui. Bot maana yake ni mama ya, yaani Mama Kirui, na huyu Mama Kirui alikuwa mke wa Arap Mosonik mwenyewe. Mama mfupi, mweusi, kitambaa chake kimefungwa chini hadi kwenye nyusi. Miaka yote ya kujuana naye sikuwa nimemsikia akisema kitu kituoni zaidi ya kusalimia.

"Wewe kijana," akasema, "hiyo huruma yako iweke chini kwanza."

"Mama, ni majani tu nasaidia, yasiharibike."

"Najua. Na yakipimwa kwa namba yako, leo ni majani ya nani?"

Nikatazama kikapu changu.

"Ni yako. Wiki ijayo pia ni yako. Mwakani mtu akiuliza chai ile ya Tabutany inauzwa na nani, karani atasema wewe. Utamsaidia hivyo mpaka aishe. Huyu mtoto hakuomba mahali pa kujificha. Ameomba kupimiwa."

Mwanangu, nimewahi kupigwa. Nimewahi kutukanwa na mtu mzima sokoni. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale, na hakuwa hata amepandisha sauti. Nilirudi nyuma nikiwa na kikapu changu kifuani, nikahisi joto la majani likipita shati.

Yeye akaendelea mbele mpaka kwa Chelangat. Akamrudishia shuka juu ya majani, akalikunja vizuri pembeni, kama anayefunika mtoto. Halafu akachukua kikapu chake mwenyewe, kilichokuwa mbele kabisa kwa sababu mke wa mwenyekiti hakuwa wa kupanga foleni, akakileta, akakiweka nyuma ya kikapu cha Chelangat. Akashika ukingo wa kikapu kile cha mbele yake kwa mkono mmoja.

"Mimi nitapima baada ya huyu," akasema.

Arap Mosonik alidhani hajasikia vizuri. "Unasema?"

"Nasema nitapima baada ya huyu. Ukimruka, umeniruka."

"Bot Kirui, usiniaibishe mbele ya watu."

"Baba Kirui, siku Tabutany alipomwoa huyu, ni nani aliwafunga segutiet mikononi?" Segutiet ni zile nyasi za baraka ambazo kwetu wanaooana hufungwa. "Si ni mimi? Na siagi kichwani nilipaka mimi. Na wewe ulikuwa umekaa karibu na mtungi, ukisema pombe ya leo ni tamu kuliko ya harusi yetu. Nilisikia. Sikusahau."

Kicheko kikapita kwa wanawake, kidogo, kama upepo kwenye majani.

"Nenda nyumbani," akasema mzee. Sasa sauti ilikuwa imeshuka, na ilitisha zaidi.

"Kwa nani?"

"Nini?"

"Nyumbani kwa nani? Kama mke wa Tabutany hana nyumba kwa kuwa Tabutany amekufa, basi na mimi nina nyumba mpaka siku utakapokufa wewe. Siku hiyo ndugu zako watakuja na fimbo waniambie asante kwa kusaidia mzee. Na kikohozi chako, Baba Kirui, nakisikia kila asubuhi."

Hakuna aliyecheka hapo. Nilitazama nyuma. Wanawake wote walikuwa wanaangalia mbali, na ungeona wazi kwamba kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya nyumba yake. Yule aliyekuwa anasimulia habari za kuku ndiye aliyeanza. Aliinua kikapu, akazunguka, akakiweka nyuma ya Bot Kirui. Mwingine akafuata. Halafu vikapu vikaanza kusogea ndani ya ukungu bila neno, unasikia tu mgongo ukiguna na kikapu kikitua, mpaka foleni nzima ikawa imejipanga upya nyuma ya yule msichana mrefu. Wanaume tulifuata baadaye. Sitakudanganya, tulifuata baadaye.

Nami nikaenda. Nikaweka kikapu changu cha kwanza, nilichokibeba kama mtoto wa kubatizwa, katikati ya vingine.

"Haya!" Arap Mosonik akapiga bati kwa fimbo. "Nani mwingine? Mwenye kutaka kupimiwa aje mbele!"

Hakuja mtu.

Sasa hapo ndipo siku inapolegea, mwanangu, na siwezi kukuambia vizuri ilikuwa ndefu kiasi gani. Labda ilikuwa kitambo kidogo tu, na mimi ndiye nimeirefusha kwa kuirudia. Jua lilikuwa juu ya ukungu, halikuwa jua, lilikuwa mwanga usio na mahali. Omolo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori akitazama viatu vyake. Watoto walilala migongoni. Mtu alitoa mahindi ya kuchemsha, yakapita mkono kwa mkono, kila mtu anabandua punje chache. Mama mmoja akamwambia Chelangat akae chini apumzike. Akasema, "Nikikaa watasema nimechoka." Akabaki amesimama.

Na majani yalianza kunukia.

Sisi wakulima harufu hiyo tulikuwa hatuijui. Majani yetu huondoka yakiwa mabichi, wanaoijua ni watu wa kiwandani. Lakini siku ile yalikaa, yakalegea, na vikapu vyote kwa pamoja vikatoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Matunda yaliyoiva sana. Asali iliyomwagika juu ya nyasi iliyokatwa. Ilijaa kibanda chote, ikashuka na ukungu bondeni, na tulisimama ndani yake kama watu walio ndani ya ndoto moja. Tulikuwa tunanusa hasara yetu, na ilikuwa tamu. Nilipoingiza mkono kikapuni kulikuwa kunachoma. Nikautoa. Sikuuingiza tena.

Omolo alipoinuka alikuwa mtu mwingine, hakutania. Akamwendea mwenyekiti. "Mzee wangu, majani hayana ukoo wala kabila. Yana saa tu. Nimpimie huyu mama?"

Arap Mosonik akasema, "Nimesema haipimwi."

Lori likaondoka na majani ya wale wachache waliotangulia asubuhi. Tulisikia sauti yake ikizunguka kona, ikipungua, ikipotea. Halafu tukabeba vikapu tukaenda kumwaga majani chini ya mistari ya michai, yarudi udongo. Nilipofika nyumbani mke wangu alinusa shati langu, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamweleza. Nilifikiri atagomba, kwa kuwa tulikuwa tumengojea kikapu kile muda mrefu na ndani hatukuwa na chumvi. Badala yake akaniuliza, "Bot Kirui amelala wapi?"

Swali hilo lilikuwa sahihi. Mlango wa Arap Mosonik ulikuwa umefungwa. Bot Kirui alilala kwa Chelangat, na akaendelea kulala huko.

Ikaja zamu nyingine ya kuchuma. Arap Mosonik alikuwa na chai nyingi kuliko sisi wote, lakini mke wake hayuko, na alipotafuta wanawake wa kumchumia, basi ikawa kila mmoja ana jambo. Huyu mama yake anaumwa. Huyu mgongo. Huyu ameota ndoto mbaya. Hakuna aliyemkataa, wote walimsikitikia! Chai yake ikaanza kukimbia juu, ikapoteza usawa wake, ikawa kama kichwa cha mtu aliyetoka gerezani.

Basi asubuhi ile tulijipanga tena, Chelangat mbele, Bot Kirui nyuma yake, na sisi. Hatukuwa tumeshauriana. Ukungu tena. Na ndani ya ukungu tukaona mtu anapanda barabara akiwa amebeba kikapu kilichofungwa vibaya, kimeinama upande mmoja, koti limelowa mgongoni. Hatukumtambua mpaka alipofika karibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona Arap Mosonik akiwa na kikapu.

Alisimama pale mbele, karibu na mizani, mahali pake pa siku zote. Akatungoja tumpishe.

Hakuna aliyemtukana. Nataka uelewe hilo. Hakuna aliyemwambia neno. Omolo alimwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," halafu akajishughulisha na kufuta meza iliyokuwa safi. Bot Kirui alikuwa anamtazama bwana yake, na katika uso wake hakukuwa na ushindi wowote. Kama kulikuwa na kitu kilikuwa ni ile hali ya mama anayengoja mtoto amalize kumeza dawa.

Mzee alitazama kikapu cha Chelangat. Akatazama foleni, mpaka mwisho wake usioonekana. Kikapu kilikuwa kinamlemea, nilisikia akipumua na kile kikohozi chake. Kisha akaanza kutembea. Alitupita mmoja mmoja, macho mbele, akipotea polepole ndani ya weupe, na tukasikia kule mbali nyuma yetu kikapu kikitua chini.

Omolo akatundika cha Chelangat kwenye ndoano. "Jina?"

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati, kwa hiyo jibu la kwanza halikusikika. Akauliza tena.

"Chelangat!" akasema yule mnyamavu, kwa nguvu hata mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mtu akaamka. "Wa nyumba ya Tabutany!"

Na ikapimwa.

Usidhani baada ya hapo Bot Kirui alibebwa juu kwa shangwe. Wazee walimrudisha kwake, ndiyo, na bwana alimpokea kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Lakini tangu hapo mzee alikula chakula cha mkewe akiangalia ukuta, mpaka kufa kwake. Wanawe walimnunia mama yao, kwa kuwa shamba lile walikuwa wameshaligawa vichwani mwao. Watu wa kanisa walisema amepungukiwa na utii. Mgala muue na haki umpe, lakini anayempa haki Mgala, yeye hupewa nini? Aliishi hivyo miaka mingi. Nilimtembelea akiwa ameishiwa na meno, nikamwuliza alipata wapi ule ujasiri wa kusimama pale.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ujasiri gani, wewe? Miguu ilikuwa inatetemeka. Kama nisingeshika kikapu cha yule msichana ningeanguka mbele ya watu."

Hayo ndiyo niliyoyaona, mwanangu. Sasa sikia ninachotaka ushike.

Dhuluma ina werevu. Haiji siku mmekaa kitako mkiwa na nafasi ya kufikiri. Inakuja mahali pa haraka, mtu ana mgonjwa, mtu ana basi la kupanda, mtu ana majani yanayoungua, na inaomba jambo dogo tu, kwamba mmoja arukwe, wengine wasonge. Ukiona foleni imesonga upesi kuliko kawaida, angalia ni nani ametolewa.

Na wema nao uuchunguze kabla hujautoa. Wako watakaokusifu na kukupiga bega kwa sababu wema wako umewaondolea aibu. Mtu aliyenyimwa mahali pake usimpe kona kwenye mahali pako, halafu ukaenda kulala ukijiona malaika. Simama nyuma yake apewe pake. Itakugharimu zaidi, na hakuna atakayekusifu siku hiyo. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nakuongezea, wala usimfanye mwenzio asafirie yako.

Na usingoje woga uishe ndipo uende. Kama ungekuwa unaisha, mimi ningekuwa nimeshakuambia unaishia wapi. Nenda nao. Tafuta cha kushika, na uende nao.

Basi inuka, nimesema mengi. Mungu akupe mvua ya kulowesha bila mawe. Ng'ombe wako waitikie wakisikia hatua zako. Ukigonga mlango wa mtu, awe ndani, na ukigongewa wako, uwe na kitu chunguni. Watoto wako wasione haya kulitaja jina lako ugenini, na siku meno yako yatakapokwisha, pasikosekane mtu wa kukutembelea ili kukuuliza maswali. Nenda, mwanangu. Nenda salama.